Sungura wako haogopi baridi, anaogopa maji

Mama mmoja wa Wete, Pemba, ameniandikia hivi:

“Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 9 aliletewa na mjomba wake sungura wawili kutoka Unguja, wakati huo walikuwa na miezi 3. Banda lao liko nje, chini ya mwembe, limeezekwa bati na limekaa juu ya matofali. Masika yaliyopita kaka yangu anayeishi Uingereza aliniambia kwamba kwao huko, msimu wa baridi, sungura hujaziwa majani makavu kwenye sanduku, halafu banda likafunikwa blanketi na nailoni. Nikafanya hivyo. Wiki ya tatu ya mvua tukamkuta mmoja asubuhi amekufa, tumbo limejaa na nyuma kumelowa. Aliyebaki anakwenda chafya tangu vuli. Sasa masika yanakuja tena. Nimtilie balbu au jiko la mkaa usiku apate joto? Na mwanangu haachi kuniuliza: yule wa kwanza alikufa kwa baridi?”

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Nianze na jiko, maana hilo haliwezi kusubiri. Usilitie bandani, wala usiliweke chini yake au kando yake. Mkaa unaowaka mahali palipofunikwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Sungura ni mdogo, anavuta pumzi haraka haraka, na ndani ya banda lililozungushiwa nailoni hatafika alfajiri. Balbu nayo iache. Sungura hutafuna kila waya unaofikiwa na meno yake, na umeme, majani makavu na mvua haviwekwi mahali pamoja.

Tena joto lenyewe halihitaji.

Kaka yako hakukosea kwa huko aliko. Uingereza, usiku wa Januari, maji ya kunywa ya sungura huweza kuganda chomboni. Mfugaji hana budi kumjazia majani makavu mpaka mnyama aweze kujichimbia ndani, na banda lifunikwe. Lakini hata huko mfugaji mwenye kujua huacha upande mmoja upumue, na anachokiogopa zaidi ni upepo wenye mvua kuliko baridi yenyewe. Sungura mkavu hustahimili baridi ya kugandisha maji. Asili ya sungura wa kufugwa ni Uhispania na Ureno, na porini huko huishi mashimoni, mahali pasipofika jua wala mvua. Mwili wake una joto la nyuzi 38.5 hadi 40, amevaa manyoya ya tabaka mbili, na hewa inayomstarehesha ni ya nyuzi 15 hadi 20 hivi.

Ilete hesabu hiyo Wete. Usiku wa baridi kabisa wa kipupwe, Julai na Agosti, sisi tunajifunika na wazee wanavaa makoti kwenda msikitini, kumbe joto halishuki sana chini ya nyuzi 21 au 22. Kwa sungura hapo bado ni vuguvugu. Mkubwa aliye mzima na mkavu hana usiku hata mmoja wa mwaka atakaokufa kwa baridi katika visiwa hivi. Kinachomtesa ni mchana wa Februari, joto linapofika nyuzi 32, kwa sababu hana jasho la kumpoza. Anategemea masikio yake na upepo. Ukimfunika blanketi na nailoni umemnyang'anya upepo, na upepo ndio kitu pekee alichokuwa nacho.

Utaniuliza, basi mbona siku za mvua huwa anatetemeka? Anatetemeka kwa sababu amelowa. Manyoya yake hushika hewa katikati, na hewa hiyo ndiyo shuka yake. Maji yakiingia, manyoya hulala, hewa hutoka, na kijiupepo cha kusi kikimpitia hapo hata nyuzi 24 humtosha kumtikisa. Tena hukauka taratibu mno. Mbuzi aliyenyeshewa akijikung'uta na kupata jua saa moja amepona. Sungura aliyelowa mpaka ngozini huweza kushinda na unyevu huo siku nzima, ajikunyate, aache kula. Kwa hiyo kazi yako masika haya ni kumweka mkavu huku upepo ukimpitia. Mambo hayo mawili hugombana, na karibu ushauri wangu wote ni wa kuyapatanisha.

Nilijifunza hilo kwa njia ambayo bado inaniuma. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa na sungura sita wangu mwenyewe, Unguja, na usiku mmoja wa Aprili nikalifunga banda lote kwa nailoni, pande nne, nikalala na moyo mweupe. Asubuhi nilipoifunua, upande wa ndani wa nailoni ulikuwa umejaa matone yananing'inia, kama mfuniko wa chungu cha wali. Hakuna tone la mvua lililoingia. Maji yale yalitoka kwenye pumzi zao na mikojo yao, yakapanda, yakagonga nailoni, yakawarudia. Manyoya yao yalikuwa na unyevu, na ile harufu ilinipiga machoni kabla haijafika puani. Wiki hiyo hiyo watatu walianza kamasi.

Harufu hiyo ya mkojo ndiyo adui wa kwanza wa pua ya sungura. Ni hewa kali inayochoma utando laini wa ndani ya pua, na utando ukishachomeka, vijidudu ambavyo sungura wengi hukaa navyo bila kuumwa hupata nafasi ya kuingia. Ndiyo chafya unayoisikia tangu vuli. Kuna kipimo kisichohitaji chombo. Alfajiri, kabla hujafungua banda wala kufagia, piga magoti uweke uso wako pale pua yake inapokaa, vuta pumzi mbili. Macho yako yakiwasha, jua kwamba yeye ameishi humo usiku kucha. Usipime ukiwa umesimama, maana huko juu kuna hewa nyingine.

Sasa nije kwa marehemu. Sungura wa miezi michache, masika, tumbo limejaa, nyuma kumelowa, amekufa usiku bila kuonyesha siku nyingi za kuumwa. Siwezi kumpasua sasa nikakuapia, lakini dalili hizo zote zinaelekea kwenye ugonjwa wa koksidia, ndio unaomaliza sungura wadogo kuliko mwingine katika mabanda ya nchi zenye joto na mvua. Nataka uelewe unavyokwenda, kwa sababu ukiuelewa utajua kwa nini nakusumbua na ufagio.

Koksidia ni vijidudu vya utumbo. Mayai yake hutoka na mavi, na yanapotoka hayana nguvu bado; sungura akiyala dakika hiyo hayamfanyi kitu. Ili yakomae yanataka mambo matatu: uvuguvugu, unyevu na hewa. Yakiyapata, kati ya siku 1 na 4 yanakuwa tayari, na sungura akiramba miguu yake au akila jani lililogusa mavi hayo anayameza. Sasa fikiria banda lililofunikwa nailoni mwezi wa Aprili, majani ya kulalia yamelowa mkojo na hayajaondolewa wiki nzima kwa kuwa mlitaka apate joto. Kama ningetakiwa nitengeneze mahali pa kukomazia koksidia, ningetengeneza hapo hapo.

Faraja yake ni kwamba mnyororo huo unakatika kwa kazi nyepesi. Mavi yakiondolewa kila siku, mayai hayapati muda wa kukomaa. Na hapa watu wengi hukosea: humwaga dawa ya kufulia nguo nyeupe, wakiona harufu imeondoka wakadhani wameua. Yai la koksidia lina ganda gumu, dawa hiyo hailifanyi kitu. Linalolimaliza ni maji yanayochemka na ukavu wa jua. Kwa hiyo mtafutie sungura wako mbao mbili za kulalia, zenye ukubwa mmoja. Leo moja iko bandani, nyingine imesuguliwa, imemwagiwa maji ya moto ya birika na kuegeshwa juani. Kesho zinabadilishana. Siku jua likikosekana, ieke karibu na moto wa jikoni mpaka ikauke kabisa. Mbao mbili hizo zitamsaidia sungura wa mwanao kuliko blanketi kumi.

Sasa banda. Mahali lilipo hapafai, na najua kwa nini mlipachagua: kiangazi kivuli cha mwembe ni neema. Lakini masika mwembe huendelea kunyesha saa nzima baada ya mbingu kunyamaza, matawi yake hudondoka kwa upepo, na majimoto wanaokaa kwenye miembe na mikarafuu watashuka kwenye paa lolote linaloguswa na tawi. Lisogeze ukutani kwa nyumba, chini ya upenu, na uangalie mchirizi unaangukia wapi. Lazima ukute alama yake kwenye ardhi, ule mstari wa vishimo. Banda liwe ndani ya mstari huo kwa dhiraa moja na zaidi. Kama upenu wenu ni mfupi, ongezeni makuti mawili matatu yatokeze mbele.

Upande wa wazi uelekezeni kibla. Kwetu kibla ni kaskazini, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kukumbuka. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia Aprili mpaka karibu na Oktoba, kwa hiyo mgongo wa banda na ubavu wa mashariki viwe vimezibwa kwa mbao au kwa ukuta wenyewe wa nyumba. Desemba mpaka Februari, wakati wa joto, upepo wa kaskazi utaingia kwa mbele na kumpoza. Tatizo liko katikati, ile tanga mbili ya Machi na Aprili, upepo unapokuwa haujaamua, na mvua leo inakuja ya huku, kesho ya kule. Kwa siku hizo weka pazia la turubai upande wa wazi. Lifungwe juu, chini lipigiliwe fito ili lisipeperuke, na juu kabisa libaki tundu la shubiri moja lisilofunikwa kamwe, hata mvua inyeshe vipi. Hewa ya mkojo yenye joto hupanda, itoke hapo. Mvua ikikatika pazia likunjwe mara moja, hata kama ni usiku na unasikia uvivu. Turubai lililosahauliwa chini ndilo linalozaa ule mfuniko wa chungu niliokueleza.

Bati si baya kwa mvua, ubaya wake ni joto la mchana na kelele. Mvua kubwa ikipiga juu ya bati, sungura aliye chini yake hana pa kukimbilia, na sungura mwenye hofu huacha kula. Tandazeni makuti juu ya bati, tabaka nene. Yatanyamazisha kelele, na jua likirudi yatapunguza joto. Ila yakaguliwe, makuti yaliyoota koga na kuanza kuoza hudondosha maji machafu, na panya hupenda kuzalia humo.

Matofali hayatoshi. Tone la mvua likipiga udongo hurusha tope juu, na Pemba yetu ya vilima, maji yakishuka bondeni hupita popote. Nyanyua banda lifike kiunoni kwa mwanao, sentimita 80 hivi, na uchimbe mfereji mdogo upande wa juu wa mteremko ili maji yapite pembeni. Miguu ya banda isimame kwenye makopo yenye maji yaliyotiwa oili chafu kidogo. Hilo ni kwa ajili ya siafu, ambao masika hutoka kwa majeshi. Nimekuta banda zima la watoto wa sungura limemalizwa na siafu kwa usiku mmoja, na ni jambo ambalo sitaki mtoto wa miaka 9 alione. Oili pia huzuia mbu wasizalie humo. Lakini kopo halisaidii kitu ikiwa banda linagusa ukuta au tawi. Acheni nafasi ya kiganja.

Sakafu iwe ya kupitisha mkojo na mavi. Waya mgumu wa miraba ya nusu inchi unafaa, si ule wavu laini wa kuku, ambao hunasa kucha na paka shume anautoboa. Kama waya ni ghali, fito zilizonyooka na kulainishwa, zikiachiana upenyo wa sentimita moja na nusu. Sungura hana nyayo kama za paka, ana manyoya tu chini ya mguu, na akikaa kwenye waya mtupu, hasa wenye unyevu, huchubuka visigino mpaka vidonda. Ndiyo kazi ya ule ubao: uchukue kama nusu ya sakafu, ili yeye achague pa kukaa. Chini ya banda mwage majivu kila siku juu ya mavi, yanafyonza mkojo na kupunguza nzi. Chokaa unaweza kuipaka nguzo na kuta, lakini sungura awe nje na ikauke kabisa kwanza, maana mbichi inaunguza.

Kwenye sanduku la kulalia, kumvi za mpunga ni rahisi kupatikana ila zina vumbi. Kwa huyu wako mwenye chafya ziache. Maranda ya seremala yanafaa kama mbao hazikupakwa dawa. Bora kuliko yote ni majani makavu, kwa sababu atayalalia na kuyala.

Na majani ndiyo ninayotaka myatafute sasa, kaskazi ingali inavuma. Sungura anayelishwa majani yaliyolowa, yaliyokatwa asubuhi na kurundikwa kwenye gunia mpaka jioni, anakula kitu kilichokwishaanza kuchacha. Ukitia mkono katikati ya gunia hilo utahisi joto. Likifika tumboni linatoa gesi, na sungura hawezi kucheua wala kutapika. Nadhani hilo nalo lilikuwa na sehemu yake kwa marehemu. Wewe ni mtu wa Wete, sina haja ya kukufundisha kuanika. Fanya kama karafuu: tandaza nyembamba kwenye jamvi, geuza, anua kabla ya mawingu kufika, usirundike kitu kibichi. Karafuu mbichi ikirundikwa hupata joto ikawa mpeta, yaani ikaharibika, na majani yana tabia hiyo hiyo. Ukoka na nyasi nyingine laini za kawaida, zikatwe kabla hazijatoa mbegu, siku mbili au tatu za jua zinatosha. Yakikauka vizuri hubaki na rangi ya kijani iliyofifia na harufu nzuri. Yakiwa meusi, au yakitoa vumbi la koga ukiyapiga, hayo ya kutupa. Jaza magunia uyatundike darini, yasiguse sakafu wala ukuta. Sungura mmoja ukimwekea magunia matatu manne yaliyoshindiliwa atavuka wiki mbaya za Aprili na Mei bila kugusa jani bichi lenye maji.

Majani mabichi ataendelea kupewa, ila yakatwe, yatandazwe chini ya upenu mpaka yanyauke na maji yakauke, ndipo ale. Majani ya viazi vitamu anayapenda, na ya mgomba pia. Kisamvu kibichi usimpe, kina sumu ambayo sisi huiondoa kwa kutwanga na kupika. Majani ya mparachichi, ya mnyanya na ya mbatata yawe mbali naye. Na kama mnanunua chakula cha kuku au pumba za mahindi kumwongezea, nunueni kidogo kidogo, kikae kwenye ndoo yenye mfuniko. Nafaka iliyopigwa unyevu huota kuvu, na sumukuvu huharibu ini la sungura polepole, usione dalili mpaka mwisho.

Huyo mwenye chafya sasa. Mshike leo, mgeuze, mtazame upande wa ndani wa miguu ya mbele. Sungura hujifuta kamasi kwa mikono kama mtoto, na akiwa na mafua ya kweli manyoya ya hapo yatakuwa yamegandamana, yamekuwa magumu. Yakiwa makavu na safi, chafya yake huenda ni ya vumbi na mkojo, na banda jipya litamtibu. Yakiwa yamegandamana, au kamasi ni nyeupe nzito, au anavuta pumzi kwa shida, mpelekeni kwa daktari wa mifugo, na mtaje neno sungura tangu mlangoni. Nasema hivyo kwa sababu ya jambo moja ninaloomba lifike kwa kila mwenye sungura: msimpe vidonge vya nyumbani. Amoksilini na ampisilini, hizi kapsuli zilizozoeleka kwenye kila kabati, zikipita mdomoni kwa sungura huua vijidudu vyema vya utumbo wake, vile vinavyomsagia majani, na kuacha vibaya vitawale. Anaweza kufa kwa dawa ambayo ingemponya mtoto wako. Hali kadhalika dawa za kupuliza mbwa na paka kwa viroboto. Ziko zinazomuua sungura.

Mkague kila siku mara mbili siku za mvua, chini ya mkia hasa. Sungura mwenye nyuma iliyochafuka huvutia nzi, nzi hutaga, na mayai hugeuka funza ndani ya siku moja. Nimeitwa kwa sungura ambaye jana yake alikuwa anacheza. Akiwa mchafu msafishe hapo hapo tu kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, mkaushe mpaka ngozini. Usimwogeshe mwili mzima hata siku moja. Ukikuta funza ni dharura ya saa hiyo hiyo. Angalia na masikio na pua kama kuna magamba au vipara, maana upele na choa huweza kumhamia mwanao. Akimaliza kumshika anawe mikono. Na siku ukimwona hajala tangu jioni mpaka asubuhi na vibonge vya mavi vimepungua au vimekuwa vidogo, usingoje aamke vizuri kesho. Saa 12 bila kula, kwa sungura, ni ugonjwa mkubwa.

Ikitokea amenyeshewa, mwingize ndani, mfute kwa khanga kavu, badilisha nyingine, endelea mpaka uguse ngozi na uione kavu. Hapo chupa ya maji ya vuguvugu iliyovishwa kitambaa inaruhusiwa, na awe na nafasi ya kuisogelea na kuikimbia.

Baridi inaua kweli watoto wachanga tu. Wanazaliwa baada ya siku 31 hivi, uchi, vipofu, na macho hufunguka kama siku ya kumi. Ukimkuta mmoja ametoka kwenye kiota amepoa na kulegea, usimhesabu amekufa. Mtie kifuani mwako mpaka apate joto, ndipo umrudishe. Nimekutajia hilo kwa sababu najua mwanao atataka mwenzake aliyebaki asikae peke yake, na ana haki, sungura hapendi upweke. Lakini subirini masika yapite na huyu apone. Atakayekuja akae mbali naye wiki mbili kwanza, na muulize daktari juu ya kuhasi, maana jike na dume pamoja ni watoto kila mwezi, na banda lililojaa haliwi kavu.

Imebaki swali la mwanao, na nadhani ndilo lililokufanya uandike. Mwambie hapana, hakufa kwa baridi. Mwambie alikuwa mdogo, kulikuwa na unyevu na hewa nzito, na tumbo lake likashindwa. Akikuuliza nani alikosea, mwambie kweli: mama alimfunika kwa sababu alimhurumia, na daktari aliyesomea kazi hii naye alifanya vivyo hivyo kwa sungura wake sita. Kisha mpe pakacha akirudi skuli, akakate ukoka, jua bado lipo. Jioni amtazame huyo aliyebaki miguu ya mbele, upande wa ndani, na aniandikie mwenyewe alichokiona.